Unataka kujitolea kwenye shamba la eco (linalotunza mazingira) nje ya nchi? Malizana na mwenyeji kabla hujakata tiketi

Mtu akisikia unalala bure unakula bure shambani huko ng'ambo, anajua unaenda kupumzika. Hamna kitu kama hicho. Pale we sio mgeni na wala sio kibarua, upo katikati, na karibu kila ugomvi kati ya wenyeji na watu wa kujitolea unaanzia hapo hapo, huyu anaona kapata mfanyakazi wa bure, yule anaona kapata hoteli ya bure. Ndo maana kazi kubwa unaifanya ukiwa bado nyumbani na simu yako mkononi.

Pa kuwapata wenyeji pako wazi. WWOOF, mtandao wa kuunganisha watu wa kujitolea na mashamba, ni wa siku nyingi, ulianzia Uingereza mwaka 1971, Sue Coppard alikuwa sekretari London akataka watu wa mjini wapate wikendi za kwenda shamba, leo upo nchi nyingi na mara nyingi kila nchi ina chama chake na ada yake, kwa hiyo usilipie kabla hujajua unaenda nchi gani. Huko ni mashamba ya kilimo hai zaidi. Tovuti za Workaway na HelpX ni pana, humo kuna hosteli, kulea watoto, kujenga nyumba za udongo, mashamba ya permakalcha (kilimo kinachoiga mazingira ya asili), kila kitu. Ukifungua profaili achana na picha za jua likizama, nenda kwenye maoni ya waliopita. Na usome kwa akili, maana na mwenyeji naye anawaandikia wao, so watu wanapambana wasichafuane. Angalia wanachonyamazia. Watu sita wamesifia mbwa, wamesifia mandhari, hakuna hata mmoja aliyegusa chakula, hapo uliza chakula.

Sasa meseji. Mapatano ya kawaida ni masaa 4 mpaka 6 kwa siku, siku 5 kwa wiki, we unapata chakula na pa kulala. Lakini masaa 5 ya huyu sio masaa 5 ya yule, kuna anayehesabu kupika chakula cha wote na kuosha vyombo ni kazi, na kuna anayeona hayo ni maisha tu. Uliza. Uliza unalala wapi hasa, chumba, hema au karavani, peke yako au na nani, na kama ni msimu wa baridi kuna kitu cha kupasha moto au hakuna. Siku za mapumziko chakula kipo? Stendi ya basi iko umbali gani na nani anakupeleka ukitaka kutoka? Alafu lile swali ambalo mimi naliona ni zuri kuliko yote: wiki iliyopita mliyenaye alikuwa anafanya nini? Hapo ndo utajua kama "kusaidia bustani" maana yake ni kumwagilia nyanya au kubeba mawe na toroli kuanzia asubuhi.

Na wewe jieleze ukweli, kifupi. Kitu kama hiki kinatosha: "Habari, naomba kuja wiki mbili kuanzia mwanzoni mwa Mei. Kupalilia na kubeba mizigo nimezoea, kupogoa miti sijawahi ila nataka kujifunza. Sili nyama. Mgongo wangu hauruhusu kuinama siku nzima, je kuna kazi za kuchanganya?" Mwenyeji anayekasirikia meseji kama hiyo amekuokolea nauli. Omba muda mfupi kwanza, kuongeza wiki ni rahisi kuliko kutoroka. Pigeni na video kidogo muonane, hasa kama unaenda peke yako, na kama ni mwanamke tafuta maoni ya wanawake waliofika pale peke yao.

Viza ndo inayoumiza watu, maana wengi wanajiambia silipwi kwa hiyo sio kazi. Nchi nyingi hazioni hivyo, kitanda na sahani ya chakula kwao ni malipo. New Zealand wanasema wazi kujitolea kwa mtindo wa WWOOF ni kazi, lazima uwe na viza inayokuruhusu kufanya kazi. Uingereza mgeni wa kutembea anaruhusiwa kujitolea jumla ya siku 30 tu, na iwe kwa shirika la hisani lililosajiliwa, shamba la mtu binafsi halimo. Australia tangu 2015 walikaza, ukitaka masiku ya shamba yakusaidie kupata viza ya pili ya working holiday (ya vijana kutembea huku wanafanya kazi) lazima uwe ulilipwa, kujitolea hakuhesabiki tena. Na hizo viza za working holiday wanapewa raia wa nchi zenye makubaliano tu, wengi wanaishia umri wa miaka 30, kwa hiyo angalia pasi yako kwanza kabla hujajenga ndoto. Ulaya ya Schengen, zile nchi zinazotumia viza moja, zile siku 90 ndani ya 180 ni za kukaa, hazikupi haki ya kufanya kazi. Waandikie ubalozi, eleza unachoenda kufanya, tunza jibu lao. Habari ya kumwambia ofisa wa uhamiaji "mi mtalii" wakati kwenye simu una chati za kupangiwa zamu ya kuku, achana nayo, simu wanaweza kuitaka na unarudishwa na ndege.

Bima nayo isome mpaka chini, bima nyingi za safari zinakataa kulipa ukiumia kwenye kazi za mikono, na msumeno wa mashine na ngazi ndo kabisa. Chanjo ya pepopunda hakikisha haijapita miaka 10, vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na we unaenda kushinda humo. Gambuti zako zioshe mpaka kwenye soli, Australia na New Zealand viatu vyenye udongo unatakiwa uvitaje uwanja wa ndege, New Zealand usipovitaja ni faini dola 400 za kwao hapo hapo. Glavu, kofia, tochi ya kichwani, basi.

Ukifika utakutana na choo kikavu, tuongee tu. Hakuna maji ya kuflashi. Kuna ndoo au shimo na pembeni kuna maranda au vumbi la mbao, ukimaliza unamwaga mpaka usione kitu, sio kunyunyiza kama chumvi, alafu unafunga mfuniko nzi wasiingie. Kinyesi kina nitrojeni nyingi na unyevu, maranda yana kaboni na yanaacha hewa ipite, vikiwiana inakuwa mboji na wala hainuki. Kikinuka, kuna mtu amebania maranda. Usitupe wipes wala pedi humo, haziozi na kuna mtu atazichambua kwa mkono.

Umeme wa sola nao una adabu zake. Birika la umeme au drayari ya nywele inakula wati 1,500 na kupanda, inveta ndogo (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) inazima nyumba nzima. Chaji simu mchana jua likiwaka, usiku betri ni za taa na friji. Uliza maji ya bafuni yanaishia wapi kabla hujamwaga jiki, mara nyingi yanaenda moja kwa moja kwenye miti ya matunda.

Kwenye kupalilia usijifanye mjuzi siku ya kwanza. Karoti ikichipua ni kijani chembamba kama nyasi, unaweza kung'oa tuta zima ukasimama unasubiri kusifiwa. Mwambie akuoneshe mmea na gugu bega kwa bega ndo uanze. Ukiweka matandazo (nyasi kavu za kufunika udongo) usiyabananishe na shina, acha nafasi ya kiganja, shina likilowa muda wote linaoza.

Mambo yakienda kombo sema mapema, siku ya pili au ya tatu, kwa upole na kwa namba: tulikubaliana masaa 5, jana nimefanya 8, tufanyeje? Andika masaa yako kwenye simu. Pasi inakaa kwako muda wote, mwenyeji anayetaka akutunzie pasi ni wa kumuaga siku hiyo hiyo. Ndo maana unatakiwa uwe na akiba ya nauli na ya kulala siku kadhaa hosteli ambayo huigusi kwa kitu kingine, na mtu nyumbani ajue shamba lilipo kwenye ramani.

Ukitaka kuondoka mapema mpe taarifa siku chache kabla atafute mwingine, fua mashuka, alafu ukishapata neti nzuri andika maoni yenye vitu: masaa halisi, kitanda, chakula, choo, kama maji ya moto yalikuwepo. Mbwa mtaje mwishoni.