Somo: Kupanga shingo ya sweta kabla ya kupandisha kitanzi cha kwanza

Habari za baridi, wapendwa. Huku Njombe Juni imeingia na ukungu wake, na wiki hii pekee watu watatu wameniletea kilio kilekile: sweta limekaa vizuri mwilini, ila shingo imekataa. Ama haipiti kichwani, ama imelegea kama mdomo wa kiroba. Leo nawaonyesha ninavyopanga yangu, kwa sweta jepesi lisilo na mikono lililo sindanoni sasa hivi. Mvaaji ana kifua cha sm 92.

Hatua ya 1: Kitambaa cha majaribio

Najua hamkipendi. Fuma kipande cha sm 15 kwa 15 kwa sindano zilezile utakazotumia, kifue, kikauke, ndipo upime sm 10 za katikati. Pembeni usipime, vitanzi vya pembeni havina adabu. Changu ni uzi wa akriliki na sindano za milimita 4 (zile za zamani zimeandikwa namba 8). Kimenipa vitanzi 20 na mistari 28.

Hatua ya 2: Hesabu ya mwili

Kifua 92, ongeza 6 ili mtu apumue: 98. Mbele nusu, nyuma nusu, yaani sm 49 kila upande. Kila sentimita ni vitanzi 2, hivyo 98, na viwili vya kuliwa na mshono: 100. Pindo la chini nalifuma kimoja mbele kimoja nyuma kwa sindano ndogo, milimita 3.25, kisha nahamia kwenye kubwa na kupanda moja kwa moja hadi kwapani.

Hatua ya 3: Kwapa

Funga vitanzi 5 kila upande, halafu punguza kimoja kila upande, mstari mmoja ndiyo mmoja hapana, mara 8. Vinabaki 74. Kwapa langu lina urefu wa sm 20, sawa na mistari 56.

Hatua ya 4: Shingo yenyewe

Hapa chukua karatasi. Vile 74 nimevigawa hivi: 22 bega, 30 shingo, 22 bega. Nataka shingo ishuke sm 7 mbele, ambayo ni kama mistari 20. Kwa hiyo sisubiri nifike begani ndipo nianze kukuna kichwa. Nikihesabu mistari 36 tangu kwapa lilipoanza, nasimama.

Nafunga vitanzi 14 vya katikati. Kisha kila upande peke yake, kwenye ukingo wa shingo, nafunga 3, halafu 2, halafu napunguza kimoja mara tatu, nikiruka mstari kila mara. Jumla 8 kila upande. Mistari iliyobaki naipandisha wima bila kupunguza. Ukipunguza kidogo kidogo hadi juu kabisa utapata shingo ya pembe tatu iliyokosa kujiamini, si duara.

Wapo wanaoviacha vitanzi vya nyuma ya shingo kwenye uzi wa akiba ili waendelee navyo. Mimi navifunga, kisha naviokota upya. Ule mstari uliofungwa ndio unaobeba uzito wa sweta lote. Bila huo, baada ya kufua mara tano shingo inaelekea mabegani.

Hatua ya 5: Ukosi

Shona bega moja. Okota vitanzi kuzunguka: 30 nyuma, 17 kila ubavu wa mbele, 14 katikati. Jumla 78. Pale ubavuni penye wima usiokote kila mstari. Okota mitatu, ruka mmoja, la sivyo ukosi unajikunja kama sikio la mbwa. Fuma sm 2.5 kwa sindano ndogo, halafu funga kwa sindano kubwa, hata ya milimita 5. Kabla ya kukata uzi, chukua kamba, zungusha kichwa cha mvaaji (wangu ni sm 56), kisha vuta shingo uone kama inafika hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mbeya: Mwalimu, mimi nimeshamaliza na kichwa cha mtoto hakipiti. Nifumue lote?
Jibu: Hapana, pole. Fumua mstari wa kufungia tu, ufunge upya kwa kulegeza. Ikigoma, fumua mshono wa bega la kushoto, weka vifungo viwili. Wageni watadhani ulikusudia.

Limuru: Nikimaliza napiga pasi ili linyooke?
Jibu: Kama ni akriliki, kaa mbali na pasi. Mwaka wangu wa kwanza nililiwekea sweta la dada yangu pasi ya moto. Lilinyooka, likalainika kama kitambaa cha kufutia meza, na pindo halikuvutika tena mpaka leo. Lilowanishe, lilaze juu ya taulo, lipime, liache likauke.

Songea: Sindano zangu ni spoku za baiskeli. Zinafaa?
Jibu: Wengi tulianzia hapo. Ila spoku ni nyembamba, kwa hiyo hesabu yangu si yako. Fuma kitambaa chako. Kikikupa mathalani vitanzi 30 kwa sm 10, zile sm 49 zinakuwa 147, pamoja na vya mshono 149. Weka 150 ili pindo liende sawa.

Makete: Mwanangu, hesabu zote hizo za nini? Mimi huweka vidole vinne chini ya koo, nafunga hapo, basi.
Jibu: Shikamoo mama. Nimechukua rula nikapima vidole vyangu vinne. Sm 7, kasoro kidogo.