SOMO: Kupeleka sampuli kwenye maabara za pamoja (core) za hospitali ya watoto bila kupoteza damu ya mtoto wa watu

Habari zenu wadau. Kuna wadogo zetu wamepata nafasi kwenye hospitali za utafiti wa watoto huku Marekani na kila mmoja anakuja inbox na swali lilelile, eti kaka hii kitu wanaita core ni nini na mbona nimeletewa invoisi. Leo naandika mara moja tumalizane.

Core ni maabara ya pamoja, basi. Mashine ya kusoma vinasaba, ya kuchambua seli, hadubini zile kubwa, zote ni bei mbaya na kila moja inataka fundi anayeijua, hakuna profesa mmoja wa kumudu hayo yote, kwa hiyo hospitali inanunua, inaajiri watu, na vikundi vyote vinapanga foleni na kulipia. Pale St. Jude kule Memphis, ile hospitali iliyofunguliwa 1962 ambayo familia hazipewi bili ya matibabu, kazi za kusoma vinasaba ziko chini ya Hartwell Center. Boston, Philadelphia na Cincinnati nao wana zao.

HATUA YA 1: Nenda kaongee nao KABLA mtoto hajachomwa sindano

Hapa ndo watu wengi wanaharibu na mimi mwenyewe niliharibu. Mwaka wangu wa kwanza, hospitali siitaji, nilipeleka damu ya mtoto mwenye lukemia (saratani ya damu) kwenye chupa za kofia ya kijani, zile zenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), nikitaka PCR, kile kipimo cha kuzidisha nakala za DNA. Heparini inazuia PCR, fundi wa core aliangalia zile chupa akanyamaza kidogo kisha akaniuliza "mbona hukupiga simu?" Ningeweka kofia ya zambarau (EDTA) yasingenikuta. Na siyo suala la kurudi kuchukua nyingine, mtoto alishaanza dawa jana yake, seli za kabla ya dawa hazirudi tena.

Halafu mtoto hana damu ya kuchezea. Ana kama mililita 80 kwa kila kilo, na kanuni inayotumika sana huku kwa utafiti wa hatari ndogo ni mililita 3 kwa kilo au mililita 50 kwa jumla, ile iliyo ndogo, ndani ya wiki 8, na usimchukue zaidi ya mara 2 kwa wiki. Mtoto wa kilo 10 ni mililita 30 kwa miezi karibu miwili, na anayeumwa unaweza kuambiwa uchukue chini ya hapo. Sasa piga hesabu, flo (mashine ya kuchambua seli mojamoja) inataka kiasi gani, vinasaba kiasi gani, plazma kiasi gani. Watu wa core wanaweza kukuambia hii gawanya hivi, hii acha, hii tumia mabaki ya kipimo cha daktari kama kibali kinaruhusu.

HATUA YA 2: Akaunti na kubuku (kuweka nafasi ya mashine)

Fungua akaunti kwenye mfumo wao, weka namba ya mfuko wa mradi, bosi wako aidhinishe. Mashine unazoendesha mwenyewe lazima ufundishwe kwanza. Ukibuku usiende, unalipa.

HATUA YA 3: Andaa sampuli

Vinasaba (DNA) uwiano wa 260/280 (kipimo cha usafi kwa mwanga) uwe karibu 1.8, RNA karibu 2.0. Nanodrop (mashine ya kupima kwa mwanga) peke yake usiiamini, inahesabu na takataka, pima na Qubit (inayotumia rangi inayoshika DNA au RNA tu) pia. RNA wataiangalia na RIN, yaani alama ya uzima wa RNA, inaanzia 1 mpaka 10, ikiwa chini ya 7 uliza kwanza kama wana njia ya RNA iliyochoka maana ipo.

Kwa flo: peleka seli zisizo na rangi, peleka za rangi mojamoja, weka na rangi ya kutambua seli zilizokufa, na TAFADHALI chuja. Mabonge yanaziba mashine, foleni nzima ya siku hiyo inasimama na jina lako linakumbukwa aisee.

HATUA YA 4: Lebo

Usiandike jina la mtoto, weka namba ya utambulisho. Tumia lebo za friza, maana maka ya kawaida ikiguswa na ethanoli imefutika na umebaki na chupa 20 zisizo na mwenyewe.

HATUA YA 5: Data

Jenomu moja (vinasaba vyote vya mtu mmoja) iliyosomwa mara 30 inaweza kufika GB 100 hivi, kwa hiyo panga mapema utaweka wapi, core nyingi hazikutunzii milele. Na ukiandika makala, itaje core, wanaonyesha hayo wakiomba fedha za mashine mpya.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Dodoma: Mkuu, kama tupo taasisi moja kwa nini tulipie?

Jibu: Unalipia kemikali, matengenezo na sehemu ya mshahara wa fundi. Bei ya ndani huwa ni ya kurudisha gharama tu, mtu wa nje analipa zaidi na kampuni zaidi ya hapo.

Mdau wa Mwanza: Sampuli za huku zinaweza kutumwa huko?

Jibu: Zinaweza ila siyo kwa kuziweka kwenye begi la shangazi anayesafiri. Kwa Tanzania unapita NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kibali cha maadili pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli, kisha kufungasha kwa UN3373 (alama ya sampuli za kibiolojia), na barafu kavu ina alama yake UN1845. Barafu kavu inageuka gesi na kuisha njiani, usitume Ijumaa. Kama kipimo chako kinakubali, fikiria damu iliyokaushwa kwenye karatasi, kama ile tunayopimia VVU watoto wachanga, matone machache tu na haihitaji barafu.

Dada wa Nairobi: Kaka mimi naona aibu kuwafuata, maswali yangu ni ya kijinga.

Jibu: Dada, nenda. Yule fundi aliyeniuliza mbona sikupiga simu, siku hizi namtumia meseji hata ya "hii kofia ya dhahabu ni ya nini" (ni ya seramu, ina jeli) na anajibu.