Mafuta ya karai: namna ya kukaanga chipsi bila kumdhuru mteja wala mtaro

Binti wa kaka yangu anafungua banda la chipsi Morogoro mwezi ujao. Juzi usiku alinipigia simu, akauliza swali moja tu: "Shangazi, mafuta nabadilisha baada ya siku ngapi?" Nikamwambia siku hazihesabiwi, yanaangaliwa mafuta yenyewe. Akanyamaza, nikajua jibu halijamtosha. Ninayoyaandika hapa ni jibu lake kamili, na yeyote mwenye karai anaweza kulitumia.

Mimi nakaangia Kigogo, Dar es Salaam, tangu 2009. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa naona mafuta yakiwa meusi ndiyo yamekolea. Nilikuwa nayaongezea mapya juu ya ya zamani, na yakishindikana kabisa nayamwaga usiku kwenye mtaro ulio nyuma ya banda. Mtaro ule unakwenda kuingia Mto Msimbazi. Mvua za masika ziliponyesha, maji yaligoma kupita, yakaingia ndani kwa jirani yangu mwenye watoto wadogo. Vijana walipoufukua walitoa kitu kama nta, cha kijivu, kizito, kimeshikana na mchanga na maganda ya viazi. Nilikijua ni changu kwa harufu tu. Nilimsaidia mama yule kuanika magodoro, nikamwomba radhi, na tangu siku hiyo nikaanza kujifunza.

Mafuta yanachakazwa na vitu vinne: moto uliozidi, maji, chumvi na makombo. Ukivizuia hivyo, mafuta yaleyale yatakufaa muda mrefu zaidi, na mteja atakula chakula kisicho na ukakasi.

Tuanze na moto. Viazi vinataka nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Kipimajoto cha jikoni kinalipa gharama yake mapema, lakini kabla sijakipata nilitumia kijiti cha mshikaki. Kichovye kwenye mafuta: vipovu vikipanda mfululizo kukizunguka, tia viazi. Visipopanda, subiri, maana viazi vikiingia kwenye mafuta ya vuguvugu vitayanywa na mteja atakula mafuta badala ya viazi. Mafuta yakianza kutoa moshi, epua. Moshi ni dalili kwamba yameshaanza kuharibika, na kilichoharibika hakirudi kikawa kizima kwa kupoa.

Maji: viazi vikishakatwa, viloweke nusu saa, mwaga maji, vitandaze kwenye kitambaa safi vikauke. Kuloweka kuna faida nyingine. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa moto mkali vinatengeneza kemikali inayoitwa akrilamidi, na kadiri chakula kinavyozidi kuwa kahawia ndivyo inavyoongezeka. Maji yanaondoa sehemu ya wanga na sukari inayoizalisha. Kwa sababu hiyohiyo usiweke viazi vibichi kwenye friji. Baridi inageuza wanga kuwa sukari, na chipsi zitakuwa nyeusi nje huku ndani bado. Toa zikiwa rangi ya dhahabu. Wapo wateja wanaosema "nikaushie hasa, mama", nami nawakaushia kidogo, kisha nawaeleza kwa nini naishia hapo. Wengi wanaelewa.

Chumvi: nyunyiza kwenye sahani, mbali na karai. Nimeona mabanda mengi chumvi inatiwa juu ya chujio huku mafuta yako chini yake. Usifanye hivyo.

Makombo ndiyo adui mkubwa kwa anayekaanga samaki na kuku. Unga unaodondoka unakaa chini, unaungua, unatia mafuta yote uchungu. Mimi nina karai mbili, moja ya viazi na nyingine ya samaki na kuku, na hazibadilishani mafuta. Kila usiku, yakishapoa, nayachuja kwa chujio la waya lililotandikwa kitambaa cheupe, kisha nayatia kwenye dumu safi lenye kifuniko na kuliweka gizani. Usiyalaze kwenye karai la chuma likiwa wazi. Hewa, mwanga na kutu vinayamaliza usiku kucha wakati wewe umelala.

Sasa swali lenyewe. Siku unayofungua mafuta mapya, chota kidogo uweke kwenye chupa ndogo ya kioo, nyeupe, uandike tarehe. Kila jioni kabla hujawasha moto, chota ya dumuni uweke kwenye chupa ya pili, uzisimamishe pamoja kwenye mwanga. Rangi itakuambia mengi, ila usiiamini peke yake. Angalia pia mnato: mafuta yaliyochoka yanatelemka taratibu ubavuni mwa chupa kama asali. Nusa. Ukisikia harufu ya ukakasi, ile inayokwaruza koo, yaondoe. Na ukiwa unakaanga, tazama povu. Mafuta mazima yanatoa mapovu makubwa yanayopasuka na kuisha. Yaliyochoka yanatoa povu dogodogo la manjano, linapanda hadi ukingoni, halitulii hata ukitoa viazi. Dalili mbili zikikutana, usibishane nayo. Kwa kazi yangu, karai la viazi linakwenda jioni tatu au nne, la samaki mara nyingi mbili. Lako litategemea wingi wa wateja, kwa hiyo usinakili siku zangu.

Na usidanganyike na kuongezea. Ukimimina lita mbili mpya juu ya tatu zilizochoka, rangi inapendeza, lakini ule uharibifu bado umo, na yale mapya yanaharibika haraka zaidi kwa sababu yake.

Kuna jambo lazima nilitamke wazi. Mtu akija jioni na dumu lisilo na lebo, bei nusu ya dukani, akisema mafuta yake "hayaungui wala hayapungui", mfukuze. Mafuta yanayoibwa kwenye transfoma za umeme yamewahi kuuzwa kwa wakaangaji hapa Afrika Mashariki. Ni mafuta ya mashine, na ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali zinazoitwa PCB, ambazo hazitoki mwilini kwa urahisi na zinahusishwa na saratani. Mkataba wa kimataifa wa Stockholm wa 2001 ulizitaka nchi ziondoe vifaa vyenye PCB kwenye matumizi kufikia 2025. Anayemkaangia mtoto wa mwenzake kwa mafuta hayo anamuua taratibu, sina neno laini la kuliita. Nunua mafuta yenye jina la kiwanda, alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, na tarehe, na dai risiti.

Mafuta mazuri ni ghali, najua. Mwaka 2022 bei ilipopaa, majirani zangu kadhaa walianza kukaa na karai moja wiki nzima. Mimi niliandika ubaoni: "Sahani imepanda shilingi 500, mafuta yamepanda, sitaki kuwakaangia machafu." Wateja wengine walinikimbia. Baadhi walirudi baada ya wiki mbili, tena wakaja na wenzao. Mteja anastahili kuambiwa bei imepanda na sababu yake, kuliko kupunguziwa ubora kimyakimya.

Mafuta yaliyochoka yaende wapi? Usiyamwage mtaroni, usiyamwage kwenye karo, na udongo nao usiupe. Udongo uliomwagiwa mafuta unakosa hewa na maji yanashindwa kupenya. Mpapai wangu ulikauka hivyo. Pia kuna watu wanapita kununua mafuta machafu. Muulize anayapeleka wapi. Wengine wanayachuja na kuyauza tena kwa mabanda madogo, na hapo sumu uliyomwepusha nayo mteja wako umemuuzia mteja wa mwenzako. Ninayempa ni fundi ujenzi, anapaka mbao za kumwagia zege ili zisigande, na kabla hayajatoka mikononi mwangu nayachanganya na vumbi la mkaa yasije yakarudi kwenye karai la mtu.

Yanayobaki natengenezea sabuni ya kufulia matambara na kusugulia sakafu. Ukitaka kujaribu, pima kwa mizani, wala si kwa kikombe, maana lita moja ya mafuta haifiki kilo. Ni kama gramu 920. Kwa kilo moja ya mafuta yaliyochujwa vizuri, chukua magadi makali ya kutengenezea sabuni, yale wanayoyaita kostiki soda, gramu 130, na maji gramu 330. Vaa glavu na miwani, fanya nje, watoto wawe mbali. Tia kostiki kwenye maji kidogokidogo ukikoroga. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka na kukurukia. Tumia ndoo ya plastiki ngumu na mwiko wa mti. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kostiki inaila aluminiamu ikitoa gesi inayowaka, kwa hiyo ziweke pembeni kabisa. Mchanganyiko ukipoa, umimine kwenye mafuta, koroga hadi uwe kama uji mzito, utie kwenye kasha la mbao lililotandikwa karatasi. Kesho yake kata vipande, viache kwenye hewa wiki nne hadi sita. Ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi yanayotiririka, bila kuchelewa. Sabuni hii si ya kuogea.

Kufungashia nalo lina maneno. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, lakini vile vifuko laini vya kung'aa bado navikuta vikipokea chipsi zinazofuka moshi. Tumia karatasi za kaki. Gazeti la zamani nalo liache, wino wake unaingia kwenye mafuta na mafuta yanaingia mdomoni. Anayekuja kwangu na bakuli au hotpoti yake namwongezea kijiko cha viazi, na siku hizi nusu ya wateja wangu wa jioni wanakuja nazo.

Viazi nunua kwa kilo. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, linaonekana nafuu, lakini aliyeumia ni mkulima wa Njombe, na sheria ya vipimo haitaki lizidi kilo 100. Yai lipasue kwanza kwenye kikombe kabla ya kulimwagia kwenye chipsi; likiwa viza utatupa yai moja badala ya sahani nzima. Mteja akirudisha chakula, kipokee, onja mwenyewe, mpe kingine. Ubishani fanya na mafuta yako baadaye.

La mwisho ni kuosha. Karai usilitie maji likiwa na mafuta. Lifute kwanza kwa karatasi za kaki zilizochanika au majivu makavu, ukusanye uchafu huo kwenye ndoo ya taka, ndipo ulete maji ya moto na sabuni. Maji yatakayoingia mtaroni yatakuwa na mafuta kidogo sana.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujanunua meza na viti, nunua chujio, kitambaa cheupe, dumu lenye kifuniko na chupa mbili ndogo za kioo. Nikija Morogoro siku ya kufungua, nitaomba unionyeshe hizo chupa kwanza.