Mkataba unakaribia kuisha: jinsi ya kutafuta kazi nyingine ya kufundisha Kiingereza nje kabla viza haijakukatikia

Swali la "nianze kutafuta lini?" huulizwa kila mwaka, na jibu linalotolewa sana ni "miezi mitatu kabla". Miezi mitatu inamtosha mtu anayehama kituo cha lugha kwenda kingine ndani ya mji uleule. Ukitaka kuvuka mpaka, au kuingia shule yenye mshahara wa maana, hiyo miezi mitatu italiwa na mihuri ya kuthibitisha vyeti peke yake.

Kwanza toa karatasi zako uandike tarehe tatu: siku mkataba unapoisha, siku kibali cha ukaazi kinapoisha, na siku pasipoti inapoisha. Ni nadra zikalingana. Kibali kinaweza kufa wiki chache tu baada ya mkataba, na pasipoti iliyobakiza chini ya miezi sita itakwamisha viza mpya hata kama shule inakulilia. Kama pasipoti ni nzee, ombi lake litangulie mengine yote, maana nambari mpya ikitoka katikati ya mchakato utaanza upya fomu ulizokwisha jaza.

Halafu soma kifungu cha notisi. China, sheria ya mikataba ya kazi inamtaka mfanyakazi atoe notisi ya maandishi ya siku 30. Shule nyingi za kimataifa zinataka muhula mzima, na zina mtindo wao: kabla mwaka wa kalenda haujaisha wanakuletea fomu ya kuuliza kama utabaki mwaka ujao wa masomo. Unatakiwa ujibu ndiyo au hapana wakati hata usaili mmoja hujafanya. Hiyo fomu ndiyo kengele. Ikifika mezani kwako na sivii yako (wasifu wa kazi) bado ina anwani ya zamani, wenzako wamekutangulia.

Sasa misimu. Shule za kimataifa zinazofungua Agosti au Septemba huajiri kwa wingi kuanzia Novemba hadi Februari, kisha huokota waliobaki Aprili na Mei pale walimu wao wanapobadili nia. Programu ya EPIK ya Korea Kusini, inayopeleka walimu wa Kiingereza kutoka nje katika shule za umma, ina mafungu mawili, la masika na la vuli, na maombi hufunguliwa karibu nusu mwaka kabla. Viza yake ya E-2, ile ya walimu wa lugha, hupewa raia wa nchi saba tu (Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini), kwa hiyo angalia pasipoti yako kabla ya kupoteza jioni nzima kwenye fomu. JET, programu ya serikali ya Japani ya namna hiyohiyo, ndiyo ndefu kuliko zote: fomu mwishoni mwa mwaka, usaili mwanzoni mwa mwaka unaofuata, safari Julai au Agosti. Tena maombi hupitia ubalozi wa Japani katika nchi ya uraia wako, jambo linalomsumbua sana aliye tayari kazini bara jingine. Thailand mihula huanza Mei na Novemba, na shule huhangaika kutafuta watu mwezi mmoja au miwili kabla. Vituo vya lugha huajiri mwaka mzima. Mwezi mmoja au miwili unatosha, na kituo kinachotaka uanze Jumatatu ijayo jiulize kwanza aliyekuwepo amekimbia nini.

Kutuma maombi kwenyewe sina la kukufundisha. Sivii, nakala ya shahada, cheti cha TEFL (mafunzo ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni) cha saa 120, wadhamini wawili ambao umewaambia kwamba watapigiwa, na video fupi ukiwa darasani. Saa ya usaili iandike kwa saa za kwako na za kwao.

Palipo na shida ni barua ya kuachiwa, yaani ya mwajiri wa sasa kukubali uondoke. Korea, ukihama mwajiri kabla mkataba wa E-2 haujaisha, utaihitaji. China utahitaji uthibitisho kwamba mkataba umekwisha na kwamba kibali chako cha kazi kimefutwa, la sivyo mwajiri mpya hawezi kukuombea kingine. Kifungu cha 50 cha sheria ileile ya China kinamlazimisha mwajiri akupe cheti cha kumaliza mkataba. Sheria haisemi muhuri unakaa wapi. Shule moja niliyoiaga, muhuri ulikuwa kwenye droo ya mhasibu, droo imefungwa, mhasibu likizoni. Aliporudi barua ikatoka nzuri kabisa, muhuri mwekundu katikati ya saini, ila nambari ya pasipoti ilikuwa imepungua tarakimu moja. Ofisi ya vibali ikairudisha kwa tabasamu. Mkurugenzi naye akataka kujua kwa nini natumia karatasi nyingi hivyo.

Kwa hiyo barua iandike wewe mwenyewe. Lugha mbili kama inabidi, karatasi yenye nembo ya shule, jina kama lilivyo kwenye pasipoti, nambari ya pasipoti, cheo, siku ya kwanza kazini, siku ya mwisho, na sentensi moja kwamba hakuna deni wala mgogoro kati yenu. Ipeleke siku ileile unayotoa notisi, sahihi na muhuri wavitie mbele yako, nawe usome kila tarakimu ukiwa bado umesimama pale. Hapo bado wanakuhitaji usahihishe mitihani. Ukishakabidhi alama na funguo, wewe ni mtu wa kurudi kesho.

Karatasi ya pili inayosahaulika ni cheti cha polisi cha tabia njema cha nchi unayofanyia kazi sasa. Shule nyingi makini zinataka cheti kutoka kila nchi uliyoishi, na kukiomba ukiwa ndani, kibali kikiwa hai, ni kazi ya dirisha moja. Ukishaondoka utatafuta mtu wa kukuwakilisha, barua ya uwakilishi, tafsiri, na uvumilivu. Ila usikichukue mapema mno pia. Kwa viza ya E-2 cha nchi yako kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita, na waajiri wengine wana ukomo wao. Shahada haichachi, ipigishe muhuri hata leo. Cheti cha polisi kisubiri mpaka uwe na usaili wa uhakika.

Mihuri hiyo inategemea nchi. Kama zote mbili, iliyotoa cheti na unayokwenda, zimo katika Mkataba wa Hague wa 1961, apostili moja (muhuri wa uthibitisho unaotambuliwa na nchi wanachama) inatosha. China iliingia rasmi tarehe 7 Novemba 2023, kwa hiyo wakala anayekudai pesa za kupeleka shahada ubalozini kwa njia ya zamani muulize vizuri. Kama mojawapo haimo, ni wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi, kwa mpangilio huohuo. Tazama na kalenda ya sikukuu: wiki ya kwanza ya Oktoba na mwaka mpya wa jadi ofisi za China zinafungwa, na nchi za Ghuba saa za kazi hupungua mwezi wa Ramadhani.

Tiketi usinunue mpaka kibali cha kazi kitoke. Barua ya ahadi ya kazi si kibali. Na kama unaondoka Japani ukiwa umechangia pensheni miezi sita au zaidi, dai malipo ya mkupuo ndani ya miaka miwili tangu kuondoka. Fomu ichukue kabla ya safari, na futa usajili wa makazi kwenye ofisi ya manispaa, maana bila hilo dai halisogei.