Kuandaa Chumba cha Kusikilizia Muziki chenye Sabufa Mbili katika Nyumba ya Matofali ya Saruji

Kabla ya kutoa mamilioni ya shilingi kwa ajili ya spika na amplifaya za daraja la juu, kipime kwanza chumba chako kwa tepu. Nyumba zetu nyingi za mjini hujengwa kwa matofali ya saruji, hupigwa plasta na kutandikwa vigae, na kuta za namna hiyo huirudisha besi ndani karibu yote. Nyumba za mbao zilizozoeleka Marekani hazina tabia hiyo, kwani kuta zake nyepesi hutikisika na kuiachia besi sehemu yake ivuje nje, na miongozo mingi inayosomwa kwenye intaneti iliandikwa kwa kuzifikiria nyumba hizo. Kwetu ni lazima kazi ianzie kwenye chumba chenyewe.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Zidisha urefu wa chumba mara mbili, kisha gawanya 343 kwa jibu hilo, nawe utapata hezi (yaani mitetemo kwa sekunde) ambazo chumba kitavuma kwazo; fanya vivyo hivyo kwa upana na kwa kimo. Tuchukue chumba cha mita 5.4 kwa 4.2 chenye dari la mita 2.9: urefu unatoa hezi 32, upana hezi 41, na kimo hezi 59. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 41 zizo hizo. Kwa hiyo katika chumba hiki, kila mara mpiga besi wa rumba anaposhukia uzi huo, noti itafura kando ya kuta za ubavuni na kuendelea kunguruma hata baada ya uzi kunyamazishwa, ilhali kwa aliyekaa katikati, pale hasa tunapopenda kuweka kiti, itanyong'onyea. Ukiwa na hiari ya kuchagua chumba, kikimbie cha mraba, kwa sababu urefu na upana vitavuma kwa hezi zilezile na kasoro itakuwa maradufu.

Kiti kisigusane na ukuta wa nyuma, ambako besi hujaa kupita kiasi, wala kisiwe nusu kwa nusu ya urefu wa chumba. Katika mfano wetu, mita 2 kutoka ukuta wa nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Spika mbili kuu na kichwa cha msikilizaji vifanye pembetatu yenye pande sawa. Kisha ukae kitini, na mwenzako atelezeshe kioo cha kujitazamia juu ya ukuta wa pembeni. Pale utakapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inaporukia kukufikia, na ndipo pa kutundika paneli ya sufi ya mawe yenye unene wa sentimita 10. Zulia zito sakafuni litasaidia pia. Lakini usitarajie pazia wala sponji zikutulizie besi: robo ya wimbi la hezi 41 inazidi mita 2, na hakuna kitambaa chenye unene huo.

Besi hutulizwa kwa mahali sabufa, yaani spika maalumu za besi, zinapowekwa. Todd Welti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, aliwasilisha mwaka 2002 utafiti uliolinganisha idadi na mahali pa sabufa katika vyumba vya mstatili, na mpangilio wa mbili katikati ya kuta zinazotazamana ulionekana kukaribia sana ubora wa nne. Sababu yake inaeleweka. Weka moja katikati ya ukuta wa mbele na nyingine katikati ya ukuta wa nyuma, zote zikisukuma kwa pamoja: mvumo wa urefu, hezi 32, utafutika kwa kuwa sabufa hizo zinausukuma kwa kupingana kutoka ncha mbili za chumba, na mvumo wa upana, hezi 41, hautaamshwa kwa kuwa zote zimekaa pale mvumo huo unapokufa. Ndiyo maana napendelea sabufa mbili za wastani kuliko moja kubwa ya kifahari iliyosukumiwa pembeni. Kama mlango unaizuia nafasi hiyo, iweke sabufa juu ya kiti chako, cheza noti za besi zinazopanda polepole, kisha tambaa kando ya kuta huku kichwa kikiwa chini. Mahali noti zote zitakaposikika kwa usawa ndipo pa kuiweka.

Weka krosova, yaani mpaka ambapo sabufa huziachia spika kuu sauti, kwenye hezi 80. Cheza mlio wa hezi hizo ukiwa kitini, na mwenzako azungushe kitufe cha fezi, kinacholinganisha mawimbi ya sabufa na ya spika kuu, hadi mlio ufikie nguvu yake ya juu kabisa. Baada ya hapo pima kwa maikrofoni ya vipimo na programu ya Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bure. Tumia ikwalaiza, yaani kirekebisha nguvu ya kila hezi, kukata vilele tu, pale besi ilipozidi. Mabonde, pale ilipofifia, yaache, kwa sababu kuliinua bonde kwa desibeli 10 kunaidai amplifaya nguvu mara 10, na mawimbi yataendelea kufutana.

Ukisikia mngurumo wa umeme, wa hezi 50, wakati muziki umenyamaza, unganisha vifaa vyote kwenye soketi za saketi moja. Waya wa ethi usikatwe kamwe.

Mwisho, cheza mlio unaopanda taratibu kutoka hezi 20 hadi 120, huku ukipitisha kiganja juu ya madirisha, nondo, milango ya kabati na dari la jipsamu. Vioo vya luva ndivyo hulalamika zaidi: kimoja kilicholegea huchachatika kwa hezi fulani tu, na ukikigusa kwa ncha ya kidole hunyamaza papo hapo. Kata ukanda mwembamba wa mpira wa tyubu ya baiskeli, uubane kati ya kioo na kishikizo chake, kisha rudia mlio huo tangu mwanzo.