Kuiga ukuaji wa ufa wa joto kwa njia ya elementi: tofali la tanuri la chokaa Tanga

Viwanda vya chokaa na saruji mkoani Tanga hutegemea matofali yanayostahimili moto, ambayo mara nyingi hupasuka pale tanuri linapozimika ghafla, kwa mfano umeme unapokatika. Mwongozo huu ni wa mhandisi anayetaka kujua ufa utaingia kina gani, kwa kuligawa tofali katika vipande vidogo viitwavyo elementi na kuvihesabu kwa kompyuta. Unaweza kuufuata kwa Code_Aster, programu huria ya EDF, shirika la umeme la Ufaransa.

Anza na joto, ufa usubiri. Chora tofali la milimita 230 kwa 114 kwa 76, uso mmoja ukielekea moto, kisha ingiza sifa zake kadiri zinavyobadilika na halijoto, kwa sababu thamani zilizopimwa kwenye nyuzi 25 hazifai kwenye nyuzi 900, ambako mawe ya chokaa huiva. Usoni weka upoaji wa hewa pamoja na mnururisho, yaani joto linalotoka kama miale. Anayesahau mnururisho hupata uso unaopoa polepole mno, na mkazo mdogo kuliko ulio wa kweli.

Hatua ya muda, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, inastahili uangalifu mkubwa. Kwa elementi sahili, isipungue zao la densiti, uwezo wa kutunza joto na mraba wa ukubwa wa elementi, likigawanywa kwa mara sita ya upitishaji joto. Kwa densiti ya kilo 2,200 kwa mita ya ujazo, uwezo wa kutunza joto wa jouli 1,000 kwa kilo kwa nyuzi, upitishaji wa wati 1.4 kwa mita kwa nyuzi na elementi za milimita 2, jibu ni takriban sekunde 1. Ukishuka chini ya hapo, nodi (pointi zinazounganisha elementi) zilizo jirani na uso zinaweza kuonyesha joto likipanda ilhali tofali linapoa, na joto hilo la uongo huzaa mkazo wa uongo.

Kabla ya kuhesabu mkazo, jaribu modeli yako: tofali lisiloshikiliwa popote, lenye sifa zisizobadilika na joto linalopungua kwa mstari ulionyooka kutoka uso mmoja hadi wa pili, halipaswi kuwa na mkazo wowote. Kisha kadiria kwa mkono. Moduli ya Young (kipimo cha ugumu wa tofali) ya gigapaskali 20, mtanuko wa 6 kwa milioni kwa kila nyuzi, uwiano wa Poisson (kiasi linavyosinyaa kwa upana linapovutwa kwa urefu) wa 0.2 na uso ulioshuka nyuzi 200 hutoa megapaskali 30 za mkazo wa kuvuta, ilhali matofali mengi ya aina hii huhimili chache tu. Kwa hiyo ufa utatokea. Linalotafutwa ni mahali utakaposimama.

Kwa tofali napendelea elementi za mshikamano, zinazowekwa kwenye njia ya ufa na kuachana taratibu. Ili kujua urefu wa eneo linaloachana, zidisha moduli ya Young kwa nishati ya kupasua, ugawanye kwa mraba wa uwezo wa kuhimili kuvutwa: kwa jouli 60 kwa mita ya mraba na megapaskali 4, unapata milimita 75, urefu unaokaribia vipimo vya tofali lenyewe, hivyo nadharia ya ncha kali, inayochukulia kwamba eneo hilo ni dogo sana, haitoshi. Ukiamua hata hivyo kutumia nadharia hiyo kwa kiunganishi cha J cha Rice cha mwaka 1968, kinachokadiria nishati inayousukuma ufa kwa hesabu ya kuizunguka ncha yake, ongeza sehemu ya joto, la sivyo kila mzunguko kuizunguka ncha utatoa jibu lake.

Endelea kuhesabu hadi tofali lipoe lote, kwa kuwa ufa wa joto hulegeza mkazo unaousukuma na mara nyingi husimama wenyewe. Kisha washa tanuri upya ndani ya modeli, ukiwa umeweka mgusano kati ya nyuso za ufa, ili zisipenyane zinapojifunga.