Fremu zinashuka katikati ya mechi? Kagua chaja na joto kabla ya kugusa setingi

Laptopu nyingi zinazochezewa Counter-Strike 2 na Dota 2 hapa Mtwara ni za mtumba: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine imara, nazipenda, lakini zilitengenezwa kwa kazi za ofisini, tena ofisi yenye kiyoyozi. Sisi tunazibebesha mechi ya watu kumi, chini ya bati, mwezi Desemba.

Fremu ni picha ambazo mashine inachora kila sekunde; zikipungua, gemu inakwama. Vijana wanaoniletea mashine inayokwamakwama karibu wote wameshashusha setingi zote za picha, mpaka adui aliye mbali hatofautiani na ukuta. Na gemu bado inakwama. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi tatizo halikuwa kwenye picha kabisa. Fuata mpangilio huu, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitano kwa mpigo, hutajua kipi kimesaidia.

Hatua ya 1: Tenganisha mtandao na mashine

Watu wanayaita yote mawili "inastaki", kumbe ni maradhi tofauti. Simama sehemu moja kwenye gemu, usitembee, zungusha kipanya taratibu. Picha ikizunguka vizuri lakini wachezaji wengine wanarukaruka, au unapiga risasi na matokeo yanachelewa, huo ni mtandao. Picha yenyewe ikikatikakatika hata ukiwa umesimama, hiyo ni mashine.

Ukitaka uhakika zaidi, cheza mechi ya mazoezi dhidi ya boti (wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta), ambayo haitegemei seva ya mbali. Ikikwama vilevile, mtandao hauna kosa. Zingatia tu kwamba kwenye mazoezi prosesa yako ndiyo inayowaendesha hao boti, kwa hiyo fremu kupungua kidogo ni kawaida.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Hali kama hiyo haipunguzi fremu hata moja, inaharibu pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi. Na kinyume chake ni kweli pia: kununua bando kubwa zaidi hakutaiongezea laptopu yako fremu. Okoa pesa hiyo.

Hatua ya 2: Pima, andika

Kwenye Counter-Strike 2 fungua konsoli (dirisha la kuandika amri ndani ya gemu), andika cl_showfps 1. Kwa gemu nyingine za Steam, washa kihesabu cha fremu kwenye setingi za Steam yenyewe. Chagua ramani moja, cheza dakika kumi na tano, andika fremu za mwanzo, za mwisho, na zile za chini kabisa ulizoziona.

Za chini ndizo muhimu. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inatumia milisekunde 16.7, kwa fremu 30 ni milisekunde 33.3. Fremu moja ikichukua milisekunde 100 jicho linaona mkwamo, hata kama wastani bado unasoma 57. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba gemu inakwama huku namba ya wastani ikionekana nzuri. Mwamini.

Usipime mechi ya kwanza baada ya gemu au draiva kusasishwa. Gemu huwa bado inaandaa sheda zake (programu ndogo za kuchora picha), na mikwamo ya muda huo hupungua yenyewe.

Hatua ya 3: Soma kasi ya prosesa gemu ikiendelea

Hapa ndipo ninapomaliza nusu ya uchunguzi. Gemu ikiwa imefunguka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, nenda Performance, kisha CPU, usome namba ya Speed. Linganisha na kasi ya prosesa yako. Core i5-8250U, kwa mfano, ina kasi ya msingi ya 1.6 GHz na inaweza kupanda hadi 3.4. Core i5-7200U ni 2.5, inapanda hadi 3.1.

Kasi ikiwa chini ya 1 GHz tangu mwanzo, na haipandi hata gemu ikibana, shuku chaja. Ikianza vizuri halafu ikashuka baada ya dakika kadhaa, ni joto. Ikibaki juu muda wote na fremu bado mbaya, ruka hadi hatua ya 6.

Hatua ya 4: Chaja

Geuza chaja usome maandishi yake. 19.5V na 3.34A ni wati 65. 19.5V na 2.31A ni wati 45. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 65 itawasha, itaonyesha alama ya kuchaji, na kwenye kuandika barua hutaona tofauti yoyote. Gemu ikianza kudai umeme, laptopu inajibana.

Dell na HP nyingi zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja. Kwenye Dell, pini hiyo ndiyo inayoiambia laptopu chaja ni ya aina gani. Ikipinda au kukatika, au chaja ikiwa ya kuiga, laptopu haiitambui na prosesa inashushwa kwa makusudi. Wakati wa kuwasha unaweza kuona onyo kwenye skrini, na wengi hulipita kwa kubonyeza kitufe chochote. Lisome. Kabla ya kununua chochote, azima chaja halisi kwa rafiki mwenye mashine kama yako, upime tena.

Baadhi ya laptopu hupunguza kasi pia betri ikiwa imekufa au imetolewa. Na ukiona betri imevimba, acha kucheza, izime, ipeleke kwa fundi. Hilo ni la usalama wako, si la fremu.

Mwisho, tazama setingi za umeme za Windows: zisiwe kwenye hali ya kubana matumizi.

Hatua ya 5: Joto

Prosesa nyingi za Intel za laptopu hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 100. Feni ya laptopu haitengenezi baridi, inasukuma tu hewa ya chumba kupitia mapezi ya shaba au aluminiamu, yaani vibati vyembamba vinavyotoa joto la prosesa. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hewa inayoingia tayari ni moto. Kuanzia Novemba mpaka Machi, wakati wa kaskazi, mashine iliyocheza vizuri Julai inaanza kukwama bila chochote kuharibika. Kwa hiyo usiilinganishe na ilivyokuwa wakati wa kusi ukadhani gemu ndiyo imeharibiwa.

Weka programu ya HWiNFO usome joto lenyewe. Likigonga 95 na kuendelea, anza na vya bure. Itoe kwenye godoro. Inyanyue nyuma kwa vipande viwili vya ubao ili matundu ya chini yapumue. Elekeza feni ya meza upande hewa inakoingilia, usiielekeze kule inakotokea, maana utakuwa unapambana na feni ya ndani.

Kisha usafi. Vumbi la huku, hasa kwa wanaokaa karibu na bahari kama Shangani au Mikindani, halibaki unga. Unyevunyevu unaligandisha kwenye mapezi mpaka linakuwa utando, na kupuliza kwa nje hakuutoi. Lazima ifunguliwe. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini, chomoa na waya wa betri. Zuia mapanga ya feni kwa kidole kabla ya kupuliza kwa blowa, yasizunguke ovyo yakaharibika. Toa ule utando kwa brashi laini.

Ukifika hapo, badilisha na pesti ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye hitsinki (chuma cha kupoza kilicho juu yake). Legeza skrubu za hitsinki kwa kufuata namba zilizoandikwa, kidogokidogo, kwa zamu. Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili mpaka uso ung'ae. Pesti mpya kiasi cha punje ya mchele inatosha. Ukijaza haipozi zaidi, inamwagikia pembeni. Kama hujawahi kufungua laptopu, mpe fundi aifungue mbele yako, utazame.

Hatua ya 6: RAM

Rudi Task Manager, sehemu ya Memory. RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi. Ukiona Slots used: 1 of 2, yaani nafasi moja ya RAM iko wazi, una dawa nzuri mkononi. Nyingi ya laptopu hizi hazina kadi ya michoro ya peke yake. Zinatumia ile iliyo ndani ya prosesa, nayo inakopa RAM ya kawaida. Kipande kimoja cha DDR4-2400 kinapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde, viwili vikifanya kazi sambamba vinafika 38.4. Kwa hiyo 4 GB mbili mara nyingi zinashinda 8 GB moja kwenye gemu, japo ukubwa ni uleule.

Kiasi nacho kinahesabika. Counter-Strike 2 ilipotoka Septemba 2023 kuchukua nafasi ya CS:GO, mahitaji ya chini yalipanda hadi 8 GB. Mwenye 4 GB asijilaumu, wala asihangaike na setingi. Aongeze RAM.

Hatua ya 7: Sasa gusa setingi

Funga kivinjari chenye kurasa thelathini na zuia Windows kujisasisha wakati wa mechi. Kama laptopu yako ina kadi ya NVIDIA pembeni, hakikisha gemu inaitumia hiyo.

Halafu shusha rezolusheni kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta zinapungua kwa zaidi ya nusu. Fremu zikipanda sana, upande wa michoro ndio uliokuwa umelemewa, endelea kupunguza vivuli na vinginevyo. Zisipopanda, prosesa ndiyo inayosubiriwa, basi rudisha picha nzuri uone adui vizuri. Mwishowe weka kikomo: mashine inayoruka kati ya 45 na 80, ifungie kwenye 50 kwa amri ya fps_max. Mkono unazoea mwendo usiobadilika, na joto linapungua pia.

Wa simu, mambo ni machache: vua kava, usicheze ukiwa unachaji, acha nafasi kwenye hifadhi.

Na kama umefika hapa fremu bado ni 25, mashine imefika mwisho wa uwezo wake. Ukienda kununua nyingine msimu wa korosho, nenda na gemu kwenye flashi au diski ya nje. Iendesheni dukani nusu saa, kwa chaja utakayopewa, na usome Speed mwenyewe kabla hujalipa.